Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Dubu Mweusi Si Mweusi Kila Mahali

Katika toleo lililopita safu hii ilitaja kwa kupita tu kwamba dubu mweusi wa Amerika Kaskazini huweza kuwa wa kahawia, wa rangi ya mdalasini, wa kijivu na hata mweupe. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kutoka Unguja na Pemba, na kwa kuwa takriban zote zinazunguka jambo lile lile, nimeona ukurasa wote wa mwezi huu uwe wake.

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi na wanangu tulikuwa tukitazama kipindi cha wanyama katika televisheni. Mtangazaji alikuwa akisema "dubu mweusi, dubu mweusi", nasi tunamwona mnyama mwekundu waziwazi. Mwanangu wa kati amenishikilia nimweleze, nami sina la kumwambia. Je, mtangazaji alikosea, au wapo dubu wa aina mbili wanaoitwa kwa jina moja? (Baba wa watoto watatu, Wete)

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mtangazaji hakukosea, na mwanao ana macho mazuri. Dubu mweusi, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Ursus americanus, ni aina moja tu ya mnyama, na huyo mwekundu mliyemwona ni ndugu wa damu wa yule mweusi. Wanaishi Kanada, Marekani na kaskazini ya Meksiko, na idadi yao inakadiriwa kupindukia 800,000, kwa hiyo hatuzungumzii mnyama adimu mwenye vituko vya hapa na pale.

Rangi yake hubadilika kadiri unavyolivuka bara lile. Katika misitu minene ya mashariki, kuanzia milima ya Appalachia hadi majimbo ya New England, dubu karibu wote ni weusi tititi, isipokuwa pua na mdomo ambavyo ni vya kahawia, na pengine baka jeupe kifuani. Ukielekea magharibi na kufika jimbo la Minnesota unaanza kukutana na wa kahawia mmoja mmoja. Ukiingia katika milima ya Rocky wanakuwa wengi, na zipo sehemu ambako wanawazidi weusi kwa idadi. Katika hifadhi ya Yosemite, California, dubu mweusi aliye mweusi kweli ndiye anayewashangaza wageni, maana wenzake wengi ni wa kahawia. Mashariki na kusini ya hapo, katika nchi kavu za Nevada na Arizona, ndiko alikojaa huyo wa rangi ya mdalasini. Halafu, jambo la kuangaliwa sana, ukiendelea hadi pwani ya Pasifiki kwenye misitu yenye mvua nyingi, weusi unarudi tena.

Mwambie mwanao kwamba mnyama anayemfikiria yeye, dubu wa kahawia anayeitwa grizli, yupo, na ni aina nyingine kabisa. Wanaowajua hawawatofautishi kwa rangi. Humtazama mabegani: grizli ana nundu ya misuli juu ya mabega, naye dubu mweusi hana. Humtazama uso kwa ubavu: uso wa grizli umebonyea kati ya macho na pua, wa dubu mweusi umenyooka. Masikio ya dubu mweusi ni marefu zaidi na yamesimama. Kucha zake ni fupi na zimepinda, zinazomfaa kukwea miti, ilhali za grizli ni ndefu, zimenyooka kidogo, na kazi yake kubwa nazo ni kuchimba. Huko Marekani na Kanada jambo hili si la wasomi peke yao, kwa sababu mwindaji anayeamua kwa rangi peke yake anaweza kumpiga risasi mnyama aliyehifadhiwa na sheria.

SWALI: Ndugu mwandishi, nasomesha biolojia katika skuli ya sekondari. Vitabu vyetu vinasema kuwa mnyama hupata rangi kulingana na mazingira anamoishi. Wanafunzi wangu wameelewa kwamba dubu akihamia mahali penye mwangaza atageuka kuwa wa kahawia, na akirudi msituni atageuka mweusi. Nahisi pana kasoro katika maelezo haya. Mazingira yanafanya nini hasa? (Maalim, Chake Chake)

JIBU: Maalim, kasoro uliyoihisi ipo, na nashukuru umeiuliza. Kitabu hakikusema uongo, lakini kimeruka hatua moja, nayo ndiyo hatua yenye elimu yote. Mazingira hayampaki dubu rangi. Mchukue leo dubu mwekundu wa Arizona umpeleke katika msitu wa giza wa Vermont, kule mashariki. Atabaki mwekundu mpaka kufa kwake, na watoto wake watarithi rangi kutoka kwake na kwa mwenzake, si kutoka kwenye miti. Kazi ya mazingira ni kuchuja. Dubu huzaliwa na rangi tofauti kwa sababu za urithi. Wale ambao rangi yao inawafaa pale walipo huishi zaidi na kuzaa zaidi, na baada ya vizazi vingi rangi hiyo huwa ndiyo ya wengi. Rangi hutangulia, mazingira hufuata na kuchagua.

Tuanze na unywele wenyewe. Kwenye shina la kila unywele kuna chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, na melanini ni ya namna mbili: moja ni nyeusi au kahawia iliyokoza, na nyingine ni nyekundu inayoelekea manjano. Chembe hizo huifunga rangi katika vifuko vidogo sana, kisha huvisukuma ndani ya unywele unapoota. Ili rangi nyeusi ikamilike, zinahitajika protini kadhaa zifanye kazi ndani ya vifuko hivyo, na mojawapo huitwa TYRP1. Mwanzoni mwa mwaka 2023 watafiti walioongozwa na Emily Puckett wa Chuo Kikuu cha Memphis walichapisha matokeo yanayoonesha kwamba dubu wa rangi ya mdalasini ana badiliko dogo katika jeni inayotengeneza protini hiyo. Asidi amino moja tu (asidi amino ndizo zinazoungana kuwa protini), ile ya nafasi ya 153, imebadilishwa na nyingine. Badiliko hilo linaelekea kuharibu mahali ambapo protini hushika madini ya zinki, nayo haifiki vizuri pale inapotakiwa kufanya kazi, na rangi nyeusi hupungua. Kinachobaki ni ule wekundu wa kahawia.

Waulize wanafunzi wako: je, jua la Arizona ndilo lililolibadilisha jeni hilo? Hapana. Badiliko lilitokea kwa bahati, kama yanavyotokea mabadiliko mengi ya jeni ambayo mengine hayana faida wala hasara. Watafiti hao wamekadiria kwamba hili lilizuka miaka ipatayo 9,360 iliyopita miongoni mwa dubu wa kusini-magharibi ya Marekani, yaani baada ya kumalizika zama za barafu, kisha likasambaa kuelekea kaskazini na mashariki. Lilisambaa kwa miguu. Dubu dume akishapevuka huondoka mahali alipolelewa na mama yake, na anaweza kwenda mbali sana kabla hajapata eneo lake, akiichukua jeni yake pamoja naye.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo maelezo mengi ya magazetini yanapopotea. Mtu akiona ramani inayoonesha weusi mashariki na wekundu magharibi, hukimbilia kusema kwamba tofauti yote imeletwa na msitu na jua. Sehemu yake ni kweli, lakini sehemu nyingine ni habari ya safari tu: wekundu ulizaliwa magharibi, na baina ya magharibi na mashariki ziko nyika pana zenye miti michache, ilhali dubu mweusi ni mnyama anayependa kuwa karibu na miti. Mahali ambapo rangi haijafika, hatuwezi kusema kwamba mazingira yameikataa.

Sasa, kwa kule ambako rangi zote mbili zimefika na moja imeongezeka, yametolewa maelezo matatu makubwa, nami nitayaeleza kwa uzito ninaoona yanastahili.

La kwanza ni joto. Manyoya meusi hunyonya joto la jua zaidi. Katika milima ya magharibi misitu ni ya uwazi, na dubu hula sana katika viwanja vya nyasi na vichaka vya matunda visivyo na kivuli. Mwishoni mwa kiangazi na katika majira ya kupukutika majani dubu hana jambo kubwa kuliko kula, kwa sababu mafuta anayoyaweka mwilini ndiyo yatakayomlisha katika usingizi wake wa miezi kadhaa ya baridi. Dubu wa rangi nyepesi, kwa dhana hii, angeweza kuendelea kula wakati mweusi amekwisha kukimbilia kivulini. Dhana hii inavutia na wataalamu wengi wameitegemea kwa miaka mingi.

La pili ni kufanana na grizli. Yaani dubu mweusi aliye wa kahawia angedhaniwa kuwa ndiye yule mkubwa mkali, na maadui wakamwepuka.

La tatu ni kujificha. Katika msitu mnene ambamo mwanga haufiki chini, mwili mweusi hupotea ndani ya vivuli. Katika nchi kavu yenye nyasi zilizokauka, mawe na udongo mwekundu, mwili mweusi huonekana kutoka mbali, na wa kahawia huchanganyika na ardhi. Wanaohitaji zaidi kujificha ni watoto, kwa sababu huuawa na mbwamwitu na hata na dubu dume wa aina yao wenyewe.

Puckett na wenzake waliyapima maelezo ya joto na ya kufanana na grizli, na hawakupata ushahidi wa kuyaunga mkono. Wao wanaelekea kwenye kujificha. Mimi pia, kwa ninavyoyatazama mambo haya, naona kujificha ndiko kwenye nguvu zaidi, na sababu yangu ni kwamba kunaeleza pande zote mbili za ramani: kwa nini kahawia inafaa penye uwazi, na kwa nini mweusi ameshika sana penye msitu mzito, mashariki na pwani ya Pasifiki. Hata hivyo nisingependa umwambie mwanafunzi kwamba suala limefungwa. Grizli alitoweka California katika miaka ya 1920, na alikuwa ameenea zamani katika sehemu kubwa ya magharibi ambako leo hayupo, kwa hiyo faida ya kufanana naye, kama iliwahi kuwapo, haiwezi kupimwa kwa kutazama hali ya leo peke yake.

Ipo pia kanuni ya zamani unayoweza kuitumia darasani. Mwaka 1833 mtaalamu wa viumbe wa Kijerumani, Constantin Gloger, alieleza kwamba ndege na wanyama wa nchi zenye unyevu huwa na rangi iliyokoza kuliko jamaa zao wa nchi kavu. Dubu mweusi kwa jumla anaifuata kanuni hiyo. Lakini kwenye bonde moja la Colorado unaweza kuwakuta mweusi, wa kahawia na wa rangi ya asali, wote wamenenepa na wote wana watoto. Mazingira huchuja polepole, na chujio lake lina matundu makubwa.

SWALI: Nafuga mbuzi. Mbuzi wangu mweusi alizaa mapacha, mmoja mweusi na mmoja mwekundu, na majirani wakasema maneno mengi. Je, na dubu huwa hivyo, au watoto wa tumbo moja hufanana? (Mama mfugaji, Makunduchi)

JIBU: Bi. mkubwa, huwa hivyo hivyo, na majirani waambie wakae kimya. Dubu jike huzaa ndani ya pango lake katikati ya baridi, kwa kawaida mwezi wa Januari, na mara nyingi huzaa watoto wawili au watatu. Kila mtoto hupokea nakala moja ya kila jeni kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na nakala hizo hugawanywa upya kwa kila mtoto. Kama wazazi wanabeba nakala zisizofanana, mapacha wanaweza kutoka na rangi mbili bila ya jambo lolote la ajabu kutokea. Kwa dubu ipo sababu ya ziada: jike huweza kupandwa na madume zaidi ya mmoja katika msimu mmoja, na imethibitishwa kwa vipimo vya kinasaba kwamba watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Ndiyo maana huko magharibi si ajabu kumwona mama mweusi akifuatwa na mtoto mweusi na mwenzake wa kahawia.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilisoma kwamba kuna dubu weusi walio weupe, wanaoishi visiwani. Je, hao wana ualbino? Na kwa nini wawe visiwani? (Mwanafunzi, Mkoani)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo litakalotuchukua muda.

Hawana ualbino. Mwenye ualbino hutengeneza melanini kidogo sana au hatengenezi kabisa, na huonekana katika ngozi na macho pia. Dubu huyu, ambaye huitwa dubu wa Kermode, ana macho meusi kama ya dubu wengine, na ngozi ya pua yake ina rangi. Manyoya yake tu ndiyo meupe, au ya rangi ya malai, na mara nyingine yana manjano mgongoni. Mwaka 2001 Kermit Ritland na wenzake walitangaza sababu yake: herufi moja imebadilika katika jeni iitwayo MC1R. Jeni hiyo hufanya kazi ya kuiambia chembe itengeneze rangi nyeusi, na ikibadilika, amri haipokelewi. Jeni hiyo hiyo, kwa mabadiliko mengine, ndiyo inayowapa baadhi ya binadamu nywele nyekundu.

Weupe huo ni wa jeni fichi. Mtoto hawi mweupe mpaka apate nakala yenye badiliko kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Aliye na nakala moja tu ni mweusi, huwezi kumtofautisha kwa macho, lakini ndani yake anaubeba weupe. Kwa hiyo dubu wawili weusi wanaweza kuzaa mtoto mweupe.

Wanaishi katika pwani ya British Columbia, Kanada, hasa kwenye kisiwa cha Princess Royal, ambacho ni kikubwa kuliko Unguja, na kisiwa cha Gribbell, ambacho ni kidogo kuliko Pemba. Katika maeneo mengine ya pwani ile weupe ni nadra mno, lakini Gribbell wao ni sehemu kubwa ya dubu wote. Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la visiwa. Dubu wanaoishi kisiwani ni wachache, na wanaotoka na kuingia ni wachache zaidi kwa sababu ya maji. Katika jamii ndogo iliyotengwa, jeni adimu inaweza kuongezeka kwa bahati tu, bila ya faida yoyote, na jeni fichi hupata nafasi kubwa ya kukutana na mwenzake. Bara, jeni hiyo hiyo ingetawanyika katika maelfu ya dubu na isionekane kwa vizazi.

Lakini bahati si yote. Dubu hao hula samaki aina ya salmoni wanaopanda mito kutoka baharini katika majira ya kupukutika majani, na watafiti Dan Klinka na Thomas Reimchen walikaa kando ya mto wakihesabu kila dubu alipojaribu kukamata na kila alipofanikiwa. Usiku, weusi na weupe walikuwa sawasawa. Mchana, weupe walifanikiwa zaidi. Ili kuhakikisha kwamba sababu ni rangi, si werevu wa dubu fulani, watu waliingia mtoni wakiwa wamevaa nguo nyeusi mara moja na nyeupe mara nyingine, wakatazama samaki watafanyaje. Samaki walimkimbia aliyevaa nyeusi kwa kiasi cha mara mbili kuliko aliyevaa nyeupe. Samaki anapotazama juu mchana huona mbingu nyeupe yenye mawingu, na mwili mweupe hauonekani sana mbele yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009, nami katika habari zote za rangi za dubu sijaona ushahidi ulio wazi kuliko huu wa namna mazingira yanavyoweza kuipa rangi fulani nafasi ya kubaki.

Swali zuri la kuwauliza wenzako ni hili: kama weupe una faida, kwa nini dubu wote wa Gribbell si weupe? Faida hiyo ni ya msimu wa samaki na ni ya mchana peke yake. Miezi mingine dubu hula majani, matunda na mizizi ndani ya msitu wa giza, na huko mweupe hana lolote la kumzidi mweusi. Rangi mbili hizo zimekaa pamoja visiwani kwa muda mrefu.

Wenyeji wa pwani ile, watu wa Gitga'at na Kitasoo Xai'xais, wamemheshimu na kumlinda dubu mweupe tangu enzi za mababu zao. Sheria ya kumkataza mwindaji asimuue mweupe imekuwapo kwa muda mrefu, lakini utaona sasa upungufu wake: dubu mweusi anayebeba nakala fichi alikuwa akiuawa bila ya kujulikana. Mwaka 2022 serikali ya British Columbia ilipiga marufuku uwindaji wa dubu weusi katika sehemu ya maeneo hayo, jambo ambalo jamii hizo zilikuwa zikilitaka, na mimi naona ni uamuzi uliosimama juu ya elimu sahihi.

SWALI: Je, dubu mmoja anaweza kubadilika rangi katika maisha yake? Sisi wavuvi nywele zetu hugeuka nyekundu kwa jua na maji ya chumvi. (Msomaji, Nungwi)

JIBU: Anaweza, ila si kama alivyofikiri mwanafunzi wa Maalim hapo juu. Dubu hubadilisha manyoya mara moja kwa mwaka: yale ya zamani huanza kuanguka mwanzoni mwa kiangazi, na mapya hukamilika kabla ya baridi. Unywele uliokwisha ota hauna uhai, na ukipigwa na jua kwa miezi mingi hupauka, kwa hiyo dubu mweusi huweza kuonekana wa kahawia mgongoni katika miezi ya mwisho kabla ya kubadilisha. Manyoya mapya yakija, weusi wake unarudi ule ule. Vile vile baadhi ya watoto waliozaliwa kahawia huwa weusi wakikua. Kwa sababu hizi mtaalamu anayehesabu dubu kwa rangi hutaja mwezi aliowaona.

SWALI: Haya yote ni ya Marekani na Kanada. Afrika hakuna dubu. Je, katika wanyama wetu hapa visiwani kuna mfano wowote wa mambo haya? (Msomaji, Kiembesamaki)

JIBU: Ni kweli, Afrika haina dubu wa porini leo, wa mwisho, aliyeishi katika milima ya Atlasi huko kaskazini, alitoweka katika karne ya 19. Lakini mfano tunao, nao ni chui wa Unguja.

Zama za barafu, bahari ilipokuwa chini, Unguja ilikuwa imeungana na Bara. Maji yalipopanda, chui walibaki upande huu wametengwa, kama walivyotengwa dubu wa Princess Royal. Mwaka 1932 mtaalamu wa Kiingereza, R. I. Pocock, alimwandika chui wa Unguja kuwa ni tofauti na wa Bara, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, na madoa yake hayakuwa yale mapana yenye uwazi katikati, bali yalikuwa madogo, yamekatikakatika na kusongamana. Wataalamu wa sasa humhesabu pamoja na chui wote wa Afrika, lakini sura ile ya madoa ilikuwa ya kwake. Pemba, ambayo imetengwa na Bara na mkondo wenye kina kirefu mno, haikuwa na chui. Naomba msomaji asifanye haraka ya kusema kwamba madoa madogo yaliletwa na vichaka vya maweni vya kusini na mashariki ya Unguja. Yanaweza kuwa yalimfaa kujificha humo, na yanaweza kuwa yaliongezeka kwa bahati tu katika jamii ndogo ya kisiwani, kama tulivyoona kwa dubu. Ngozi zake ni chache zilizohifadhiwa, mmoja aliyejazwa akiwa katika Makumbusho ya Zanzibar hapa mjini, na yeye mwenyewe anadhaniwa kuwa ametoweka, hatunaye msituni wa kumtazama.

Kwa upande wa weusi, mfano ulio karibu na dubu ni wa chui weusi. Weusi wao nao ni wa jeni fichi, na katika misitu mizito yenye mvua ya rasi ya Malaya chui karibu wote ni weusi, jambo linaloafikiana na kanuni ya Gloger. Lakini chui weusi wamepigwa picha pia Laikipia, Kenya, ambako nchi ni kavu na miti imetawanyika, na wanaishi huko pamoja na wenzao wenye madoa.